Kichwa cha Mashini Chini ya Mugomba

Goma, Mabanga
Tarehe 2, mwezi wa sita 2025

Mama Joyeuse,

Komunike rasmi. Wakaaji wote wa Mabanga, wafanyabiashara wote wa Birere, wapita njia, na muke mumoja aliyeko Kampala wanaombwa kusimama wima. Inatangazwa kwamba juzi Jumamosi, mbele ya mashahidi wawili, yaani mbuzi na muzee aliyekuwa anapita na kuni, Bwana Cyprien, muuza misumari, mwenye umri wa miaka hamsini na minne na magoti ya miaka themanini, alichimbua kutoka udongo wa Congo kijiko. Kijiko cha chai. Kimepinda. Sasa munaweza kukaa.

Usicheke kwanza. Wewe ndiye ulisema nisikupigie tena simu kila jioni, kwa sababu kwa simu nacheka-cheka mpaka rezo inakata na haujui hata kama nimekula. Ukasema niandikie kama wakati ule wa uchumba, kwa karatasi sitaweza kukukimbia. Haya, karatasi ndiyo hii. Mama Gisèle wa vitambaa ataileta, kwa vile kila mwezi anapita mupaka wa Bunagana kufuata mali yake huko kwenu.

Sasa habari ya kijiko. Pale Birere kuna mutu anaitwa Nsanzimana. Alikuwa na detekta, ile fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku cha sauti juu, ambayo wachimba zaabu wanapitisha juu ya ardhi. Ikinusa chuma, inalia. Nilimupatia redio yetu, yeye akanipatia fimbo. Najua utakachosema juu ya redio. Ilikuwa inaongea peke yake, Mama Joyeuse. Inatoa habari, mimi najibu, yenyewe haisikii. Detekta angalau inalia kwa sababu ya kitu ambacho mimi nimefanya.

Siku ya kwanza niliijaribu hapa uani. Ikalia mulangoni, ikalia chooni, ikalia chini ya kamba ya nguo. Nikasema, kumbe miaka hii yote tunalala juu ya utajiri! Nilichimba mpaka jirani Munguakonkwa akatoka na muswaki kinywani.

“Papa Joyeuse, unatafuta maji?”

Kumbe ni jiwe lenyewe la volkano ndilo lina chuma ndani. Goma nzima inalia. Nsanzimana alijua, akanyamaza, na sasa anasikiliza redio yangu.

Kwa hiyo kila Jumamosi nafunga duka mapema napanda mpaka lile shamba la kahawa la Mubeleji, juu ya Sake, ambamo babu yako alikuwa anachuma. Limebaki pori tupu. Udongo wa kule ni mwekundu, haulii ovyo. Watu wa kutegua mabomu walipita, wakaweka vijiti vyekundu mahali ambapo mutu asikanyage, na mimi unanijua, kijiti nakiheshimu kuliko padri. Natafuta makuta, zile sarafu za zamani za Wabeleji, zenye tundu katikati. Kwa sasa niko na kijiko.

Nakula vizuri. Jana nilipika bugali, na nilipogeuza mwiko nikaona nimepika ya watu wawili. Nimekula yote, basi usiwe na wasiwasi.

Wako,
Papa Joyeuse


Kampala, Katwe
Tarehe 24, mwezi wa sita 2025

Papa Joyeuse,

Komunike yako niliisoma mbele ya Joyeuse na watoto wake. Watoto walisimama wima kweli. Mudogo aliuliza kama babu ni gavana.

Nimesikia habari ya redio. Sisemi kitu. Siku utakapotaka kusikiliza misa ya Jumapili, weka sikio kwenye fimbo.

Lakini kwa vile Mungu amekupatia pua ya chuma, acha kutafuta vijiko vya Wabeleji. Nenda unitafutie kichwa cha mashini yangu. Unakumbuka, natumaini. Siku masasi ya vita yalipofika mpaka barabarani, kila mutu kule kwetu mulimani, karibu na lile shamba la kahawa, alizika vitu vyake, huyu sufuria, yule toli, bati za nyumba, na sisi tukazika kichwa cha mashini ya kushona chini ya mugomba mukubwa, nyuma ya jikoni. Wewe ulichimba, mimi nilifunga. Sikukizika ili kiote.

Nakueleza sababu. Mbele ya nyumba ya Joyeuse kuna baraza. Mwenye nyumba, Mama Charline, ana meza ya mashini na pedali yake, ila kichwa kiliibwa. Amesema mimi nikileta kichwa, baraza ni yangu. Wakongomani wa hapa wanalia kila siku, hawana mutu anayejua kukata libaya, ile blauzi ya kwetu yenye mabega. Nikiwa na kichwa, nakaa hapa na kazi yangu, simusumbui mukwe. Nisipokuwa nacho, siwezi kukaa miaka yote kwa mutoto nikichambua muchele. Itabidi nirudi huko, na wewe unajua moyo wangu. Nimekimbia mara tatu na godoro kichwani. Miguu yangu haitaki mara ya nne.

Au uje wewe. Nimekuomba hilo mpaka nimechoka, na kila mara unanijibu habari za mbuzi.

Mama Joyeuse


Goma, Mabanga
Tarehe 8, mwezi wa saba 2025

Mama Joyeuse, mwenye baraza ya kesho,

Nilikwenda. Nyumba yetu imebaki kuta. Toli zimeondoka zenyewe, na mulango umezifuata. Katika chumba chetu yameota maharage, mazuri kuliko yale tuliyokuwa tunapanda kwa jasho. Niliyaomba ruhusa nikapita.

Detekta ilianza kulia kabla sijafika kwetu. Nilikuwa kwenye kiwanja cha Mama Kahambu, ikapiga kelele kama imekanyagwa. Nikachimba: sufuria. Ndani yake sufuria. Ndani ya hiyo, nyingine tena, zimekaa kama mutu na watoto wake. Nikazishusha mpaka Sake, anakoishi kwa dada yake. Aliziangalia, akachukua ile kubwa akafunika nayo uso, akalia humo ndani, na sauti ilikuwa inatoka kama kengele. Halafu akatoa uso akaniuliza:

“Na mashini ya muke wako Philomène umeipata?”

Nikamuambia bado. Akanikatalia nisiondoke bila kula. Siku ile sikupika ya watu wawili, kwa sababu sikupika kabisa.

Sasa kuhusu kichwa chako. Mugomba upo, mukubwa, unaringa. Nilipima kama tulivyokubaliana, upande wa jikoni, urefu wa jembe kutoka kwenye shina. Detekta ikalia! Nikapiga magoti, nikachimba, nikatoa musumari. Wa dukani kwetu, Mama Joyeuse, naujua kwa kichwa chake. Maisha yangu yote nauza misumari, na sasa hata ardhini inanifuata.

Nilizunguka mugomba mpaka nikaona kizunguzungu. Hakuna kitu. Nitarudi Jumamosi ijayo.

Kuhusu kuja huko: yule mbuzi wa kule sasa ananijua. Nikikaa kupumzika anakuja kukaa karibu. Hatuongei sana.

Wako,
Papa Joyeuse


Kampala, Katwe
Tarehe 30, mwezi wa saba 2025

Papa Joyeuse,

Nilicheka mpaka Joyeuse akaja kuangalia. Wewe muzaliwa wa mulimani, baba yako alipika kasiksi, pombe ya ndizi, maisha yake yote, leo unapima kutoka kwenye mugomba kama vile ni ukuta wa kanisa!

Mugomba unatembea, Cyprien. Ule tuliouacha ulikuwa na mukungu. Ulizaa ukaanguka, mutoto wake akaota pembeni, naye akazaa akaanguka. Huyo anayekuringia ni mujukuu. Sisi hatukuwapo kukata watoto, basi wamekwenda upande walioupenda, na mimi naujua: wameshuka chini, mahali nilikuwa namwaga maji ya vyombo. Panda juu. Angalia chini ya majani makavu, utaona kisiki cheusi, kimeoza, laini kama keki. Huyo ndiye mama. Pima kutoka kwake.

Hapa ni sawa tu. Watoto wa Joyeuse wananipenda, lakini wakitaka nisielewe wanasema Kiganda. Asubuhi wote wanatoka, nabaki na muchele. Juzi Mama Charline alifagia baraza, akapangusa ile meza, akauliza kichwa kinafika lini. Nilimuambia bwana yangu yuko anakitafuta, na akianza kitu haachi. Usinifanye muongo.

Mama Joyeuse


Goma, Mabanga
Tarehe 19, mwezi wa nane 2025

Mama Joyeuse, profesa wa migomba,

Somo lako nililisikia na nikalifuata neno kwa neno. Nilipanda juu. Nikafunua majani. Kisiki kilikuwepo, cheusi, laini, kama ulivyosema, nakuvulia kofia. Nikapima. Nikapitisha fimbo huku na huku, ikanyamaza kama mutoto aliyevunja sahani. Nikachimba hata hivyo, shimo la kuzikia ng'ombe, sikupata kitu. Nafikiri wezi walipita kabla yangu. Watu wamechimba sana kule, unajua, kila mahali mashimo, na kichwa cha mashini ni chuma kizuri, mutu akikiona hakiachi. Labda kilishauzwa siku nyingi. Labda sasa kiko Bukavu kinashonea mutu mwingine mapazia. Usihuzunike. Mimi sikuhuzunika, au kidogo tu.

Lakini habari njema: kule kwa kahawa nimepata kuta la kweli! La Wabeleji, la rangi ya shaba, lina pembe sita na tembo anatembea katikati. Nimelifunga ndani ya karatasi hii, mupatie mudogo, umuambie ni zawadi kutoka kwa gavana.

Basi, kama kichwa hakipo, labda ndiyo njia ya Mungu ya kusema urudi. Nasema tu. Chumba kina nafasi, nimesogeza meza karibu na dirisha. Muji umetulia kiasi. Sambaza, dagaa wako wa ziwa, zimerudi sokoni, kubwa, zinakuuliza uko wapi. Munguakonkwa anakusalimia, mbuzi vilevile.

Wako,
Papa Joyeuse


Kampala, Katwe
Tarehe 9, mwezi wa tisa 2025

Cyprien,

Kuta limefika. Mutoto analala nalo.

Barua yako ina doa kwenye pembe ya chini. Joyeuse alisema ni mafuta ya sambaza. Nililinusa. Nimeshona tangu nikiwa musichana, na vidole vyangu vilinukia hivyo hata siku ya arusi yetu. Ni mafuta ya mashini.

Na tena, ukiwa musema kweli barua zako zina vichekesho. Ile ilikuwa na maelezo.

Kwa nini meza umeisogeza karibu na dirisha? Wewe hukusogeza meza hata mara moja tangu nikujue. Karibu na dirisha ndiyo mahali pa mushonaji.

Umekipata lini? Usiniandikie habari za mbuzi.

Philomène


Goma, Mabanga
Tarehe 21, mwezi wa tisa 2025

Philomène,

Leo hakuna komunike. Nakuambia ilivyokuwa.

Nilikipata ile Jumamosi ya kwanza baada ya barua yako ya mugomba. Nilikuwa nayo mufukoni. Nilifika kwenye kisiki, nikakusoma kwa sauti ili nisikosee, nikapitisha fimbo, ikalia mara moja, kilio kirefu, si kama cha musumari. Nikaweka fimbo chini. Sikutumia jembe, niliogopa litakikwaruza, nikachimba kwa mikono. Kwanza ikatoka ile toli tuliyofunikia. Halafu bashi, lile turubai. Halafu kitenge chako cha arusi, kile cha ndege, ambacho ulinilalamikia mwaka muzima kwamba watu walikuibia kambini Mugunga. Nilikaa hapo nikiwa nimekishika. Kumbe siku ile, masasi yanalia, mimi nakupigia kelele harakisha, wewe ulikuwa unavua kitenge chako unafunika mashini ili isipate baridi. Na hukuniambia. Kwa hiyo si mimi peke yangu ninayeficha vitu, lakini cha kwako ni kizuri kuliko cha kwangu.

Nilifungua. Kilikuwa na kutu kidogo kwenye gurudumu, basi. Nikaita:

“Mama Joyeuse, njoo uone!”

Kwa sauti kubwa, Philomène. Niligeuka kabisa kuangalia jikoni. Jikoni hakuna ukuta hata mumoja. Yule mbuzi alinyanyua kichwa, akaangalia mahali nilipokuwa naangalia, akarudi kula.

Nilikibeba mugongoni kwa hicho kitenge, kama mutoto, mpaka Sake. Wamama wa barabarani walicheka. Mumoja akauliza: “Papa, amezaliwa na kilo ngapi?” Nikamujibu, amefanana na mama yake, muzito wa kichwa. Walicheka tena, na nilitamani ungekuwepo usikie, maana ilikuwa nzuri.

Nilikuwa nakuja kukuandikia kwamba nimekipata. Ni kweli. Niliweka kichwa mezani, nikakaa na karatasi mbele yake. Nikaandika “Mama Joyeuse, komunike,” halafu nikasimama. Niliona mambo yote mpaka mwisho: Mama Gisèle anakichukua, wewe unakipokea, Mama Charline anapiga makofi, baraza inajaa wanawake wanaotaka mabega, na hakuna tena sababu hata moja ya wewe kurudi kwenye chumba hiki. Nikachana ile karatasi, nikaandika nyingine. Uliniambia bila kichwa itabidi urudi. Basi nilitaka ukose kitu, na kitu hicho kiwe kwangu. Ndivyo ilivyo. Nimejaribu kuiandika kwa maneno mazuri zaidi, hayapo.

Tangu siku ile nakipangusa kila jioni. Meza niliisogeza kwa dirisha kwa sababu kilionekana kinasikia giza. Nilinunua mafuta, nikayatia kila tundu, hata mengine ambayo nafikiri si ya mafuta. Nilikuwa nazungusha gurudumu bila kitambaa, ili nisikie tu ile sauti. Munguakonkwa aliisikia kupitia ukuta, akaniuliza uani: “Mama Joyeuse amerudi?” Nikamuambia, anakuja. Kwa hiyo hata yeye nimemudanganya, na alifurahi, masikini.

Na sasa lile la kuja kwangu huko, ambalo nakujibu kwa mbuzi. Si kiwanja ninachokilinda. Kiwanja kinalindwa na maharage. Ni kwamba huko sijui lugha. Hapa nikisimama dukani mutu anaingia akitafuta musumari, namutania, anacheka, ananitania, jua linazama. Huko nitatania nani? Nitakaa kwa mukwe kama kabati. Watoto watasema Kiganda ili nisielewe, na mimi nitacheka ili waone nimeelewa. Naogopa utaniangalia kutoka kwenye mashini yako uone muzee mumoja kimya, ambaye haumujui.

Kichwa kimekwisha kuondoka humu. Mama Gisèle alikichukua leo mchana ili alale nacho kwake. Barua hii nampelekea kesho asubuhi kabla ya basi, na vyote vitafika pamoja. Nimekifunga kwa kitenge kile kile. Nikuambie na hili, kwa sababu nimesema nitakuambia yote: kabla ya kukifunga nilitoa ile boksi ndogo ya bobini, ile ambayo bila yenyewe mashini inazunguka lakini haishoni. Niliitia mufukoni. Ilikaa humo asubuhi nzima dukani, na kila nilipoingiza mukono kutafuta chenji niliigusa. Bobini bado ina uzi wa buluu, wa zile sketi za shule za watoto wa Mama Kahambu ulizoziacha katikati. Nikafikiria wewe ukikanyaga pedali, uzi wa chini hauji, unainama kuangalia. Saa sita nilifunga duka, nikarudi, nikaiweka mahali pake. Iko humo. Angalia ukitaka. Sikubakiza kitu.

Usinijibu kwa sababu ya huruma. Lakini kama kwenye baraza ile kuna nafasi ya mutu wa kukaa pembeni na kushika kitambaa kisikunjamane, niandikie. Naweza kushika kitambaa bila kusema kitu. Nimefanya mazoezi. Na kama nafasi haipo, niandikie vilevile.

Gurudumu likikulilia upande wa kushoto, si kutu, ni mafuta niliyozidisha.

Mama Gisèle alipotoka nacho, nilichukua detekta nikaipitisha chumbani, sijui kwa nini. Ililia kwenye kitanda, ikalia kwenye sufuria, ikalia kwenye misumari ya mulango, na chini, unajua tena, jiwe letu linalia lenyewe. Nikaipandisha juu ya meza, katikati, pale kichwa kilipokuwa kimekaa. Ikanyamaza.

Cyprien